Zuio la biashara ndogo kwa wageni: wavu umetegwa wapi?

Tarehe 28 Julai 2025 Selemani Jafo, aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara wa Tanzania, alitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Ukiipitia orodha ni kama unatembea mtaani: duka la jumla na rejareja, uwakala wa pesa kwa simu, ufundi simu, saluni, usafi wa nyumba na ofisi, udalali, kuongoza watalii, kununua mazao shambani, uchimbaji mdogo wa madini. Supamaketi zimesalimika, na saluni za hotelini pia. Mgeni atakayekaidi atatozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kufungwa hadi miezi sita, na viza na kibali chake cha ukaazi vifutwe. Mtanzania atakayemsaidia naye ana adhabu yake: milioni 5 au miezi mitatu.

Anayeibeza amri hii kuwa ni chuki tu kwa wageni hajawasikiliza wafanyabiashara wa Kariakoo, soko kuu la Dar es Salaam. Malalamiko yao ni ya hesabu. Mgeni mwenye uhusiano wa moja kwa moja na kiwanda China analeta kontena, anauza kwa jumla, kisha anageuka na kuuza kipande kimoja kimoja mlango wa pili kutoka kwa yule yule aliyemuuzia jumla asubuhi. Bei ya mzawa huyo aliyenunua haiwezi kushuka chini ya ile aliyonunulia. Hapo hakuna uvivu wala uzembe wa mzawa. Kuna mnyororo mzima wa biashara kushikwa na mkono mmoja. Serikali isiyoliona hilo ingekuwa imelala.

Tatizo ni kwamba amri haikuulizia mnyororo. Imeuliza pasipoti. Haikuwatenga raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo Mkenya mwenye kiti kimoja cha kusuka nywele Namanga, mpakani upande wa Tanzania, yuko kapu moja na mwenye maghala matatu Dar es Salaam. Nairobi ililipuka haraka. Waziri wa biashara wa Kenya, Lee Kinyanjui, alisema amri inakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya hiyo, iliyoanza kutumika Julai 2010.

Kisheria Kenya haikosi hoja. Ibara ya 13 ya Itifaki inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha na kuendesha shughuli za kiuchumi katika nchi nyingine mwanachama bila kubaguliwa kwa uraia wake. Nchi inaweza kuiwekea haki hiyo mipaka, lakini kwa sababu za sera ya umma, usalama au afya. Kulinda soko la mzawa dhidi ya mshindani halitajwi, ingawa wakili mjanja atajaribu kulipitisha kwenye mlango wa "sera ya umma". Zaidi ya hapo, ibara ya 8 ya Mkataba wa Jumuiya inasema sheria za Jumuiya ziko juu ya sheria za nchi katika yale yanayohusu utekelezaji wa Mkataba.

Tanzania nayo ina pa kusimama. Huduma hazikufunguliwa zote kwa siku moja. Kila nchi iliweka ratiba yake ya ahadi, sekta kwa sekta. Ambacho hakikuahidiwa kwenye ratiba si rahisi kukidai. Mawakili watabanana hapo, kwenye viambatisho ambavyo wafanyabiashara wengi hawajawahi kuvifungua. Na Kenya si malaika: Machi 2021 ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, malori yakakwama mpakani.

Kuna njia ya kati, nayo ni kupima ukubwa wa mtaji. Ghana, kwa sheria yake ya uwekezaji ya mwaka 2013, iliwaachia raia wake biashara ya sokoni na uchuuzi, na mgeni anayetaka kuuza bidhaa akatakiwa kuwa na mtaji wa dola milioni 1 na kuajiri Waghana wasiopungua 20. Hata hivyo maduka ya Wanigeria yalifungwa na ugomvi ukafika meza za Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi. Walau kwa sheria ile mwenye mtaji alijua alitakiwa kutimiza nini.

Kwa maoni yangu, zuio la Tanzania litawashika zaidi wasiokusudiwa. Penye fedha nyingi hapakosi Mtanzania wa kuazimisha jina, leseni ikatoka safi na mwenye mali akakaa nyuma ya pazia. Faini ya milioni 5 inamtisha jirani wa fundi simu kuliko inavyomtisha mwanasheria wa kampuni ya kuagiza bidhaa. Kinyozi kutoka Taveta, Kenya, hana pazia.

Aliyekuwa na leseni hai aliruhusiwa kuendelea mpaka iishe, bila kuihuisha. Kwa hiyo mwenye duka katika nchi ya jirani, hata kama nchi hiyo si Tanzania, asitazame tu kama biashara yake inaruhusiwa leo. Atazame leseni inaisha lini na mkataba wa pango unaisha lini. Miaka mitatu ya pango juu ya leseni ya miezi minane ni deni.

Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha, na mtu binafsi anaweza kuishitaki serikali pale. Lakini Mkataba unampa miezi miwili tu tangu amri itolewe au aijue, na msusi wa Namanga angetumia muda huo kutafuta nauli na wakili. Nchi mwanachama haibanwi na miezi hiyo. Kenya inaweza kufungua shauri hata sasa, ila serikali za majirani hupenda zaidi vikao vya mawaziri, ambako mahindi, ng'ombe na saluni huwekwa kwenye mzani mmoja.