Wufa ya ubao wazi: tunabishania breki, hewa tumeisahau

Chukua wufa, yaani spika ya besi, iliyo nje ya boksi, iunganishe na amplifaya, ishike kwa fremu yake na ucheze wimbo wenye gitaa la besi. Utaiona koni ikitikisika, lakini besi hutaisikia. Kitakachotoka ni sauti nyembamba kama ya redio ndogo. Sasa kata tundu katikati ya kipande kikubwa bapa cha katoni, kisha uibane wufa kwenye tundu hilo. Besi inatokea. Amplifaya ni ileile na koni ni ileile. Kilichobadilika ni njia: wimbi la mbele na wimbi la nyuma, ambayo kila mara yako kinyume, sasa yanalazimika kuuzunguka ukingo wa katoni kabla ya kukutana na kufutana.

Spika ya ubao wazi ni katoni hiyo iliyotengenezwa kwa mbao nzuri. Wala si jambo la juzi: wahandisi Chester Rice na Edward Kellogg walipochapisha maelezo ya spika yao ya koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) na koni mwaka 1925, suala la ubao wa kutenganisha mbele na nyuma lilikuwa tayari mezani. Wanaoipenda leo wanaipendea besi isiyovuma kama ngoma na sauti inayoonekana kutoka hewani badala ya kutoka kwenye sanduku. Anayetaka kujitengenezea yake, swali linalomkwamisha mapema ni achague wufa ipi, na akiuliza atapewa majibu mawili yanayopingana.

Jibu la kwanza linasema tafuta wufa yenye Qts kubwa. Qts ni mojawapo ya vipimo tulivyoachiwa na wahandisi Neville Thiele na Richard Small, na kwa lugha ya kawaida kinapima breki. Kila koni ina masafa inayopenda kutikisika yenyewe, yaani Fs. Sumaku ikiwa kali na breki ya umeme ikishika sana, Qts inakuwa ndogo, tuseme 0.3 au 0.4, na koni inazuiwa inapofika kwenye Fs. Sumaku ikiwa dhaifu, Qts inapanda hadi 1 au zaidi, na koni inaachiwa itikisike. Hesabu yake ni rahisi kukumbuka: kwenye Fs, wufa ya Qts 0.4 hushuka desibeli 8 chini ya kiwango chake cha juu, ya 0.7 hushuka 3, ya 1 haishuki. Kwa kuwa ubao wazi unakula besi, wanasema, chagua wufa isiyojinyima besi.

Jibu la pili linatoka kwa wenye ikwalaiza ya kidijitali, kifaa au programu ya kupandisha na kushusha masafa unayoyachagua. Hao wanasema nunua sumaku kali na koni inayosafiri mbali, halafu besi iliyopotea irudishe kwa umeme. Siegfried Linkwitz, mhandisi aliyefariki mwaka 2018 na ambaye wengi wetu tulijifunza ubao wazi kupitia kazi zake, alikwenda njia ya kusawazisha kwa umeme. Spika zake za Orion na LX521 zinatumia wufa za inchi 10, mbili kila upande, na sakiti ya kusawazisha kabla ya amplifaya.

Pande zote mbili zina hoja. Tatizo langu ni kwamba mabishano yanaanza katikati. Kabla ya kuuliza breki ikoje, kuna kiasi cha hewa cha kuhesabu.

Tuanze na ubao wenyewe. Chukua njia ya sentimita 40 kutoka nyuma ya koni hadi mbele yake. Kuanzia karibu Hz 146 kushuka chini, ubao huo unaanza kutoa sauti ndogo kuliko ambayo koni hiyohiyo ingetoa peke yake kama upande wa nyuma ungefungwa kabisa, na unapoteza takribani desibeli 6 kila masafa yanapopungua kwa nusu. Ukifika Hz 40, eneo la uzi mnene wa gitaa la besi, umepoteza karibu desibeli 11. Upanue ubao mara mbili na hasara inapungua kwa desibeli 6, ila sasa una mlango sebuleni.

Hasara hiyo inafidiwa kwa jambo moja tu, koni kusukuma hewa zaidi. Kwenye boksi lililofungwa, kushuka nusu ya masafa bila kupunguza sauti kunataka koni isafiri mara 4. Kwenye ubao wazi ni mara 8. Hapa Qts haina kauli. Ukitaka desibeli 90 kwenye Hz 40 kutoka koni ya ukubwa fulani kwenye ubao fulani, koni itasafiri milimita zilezile, iwe na sumaku ya kilo moja au ya kilo saba. Breki inaamua amplifaya itatoa volti ngapi kuifikisha hapo. Umbali wa safari haiugusi.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni eneo la koni likizidishwa kwa Xmax, safari ambayo koili inaweza kwenda upande mmoja bila kutoka kwenye nguvu ya sumaku. Wufa ya inchi 8 yenye Xmax ya milimita 6 inasukuma kama sentimita 130 za ujazo. Ya inchi 12 yenye milimita 10 inasukuma karibu 530. Katikati yake weka Eminence Alpha 15A, wufa ya inchi 15 ambayo wapenzi wa Qts kubwa wameitumia sana. Qts yake ni 1.26, Fs ni Hz 41 na Xmax ni milimita 3.8. Hiyo inasukuma kama 325.

Nikiziweka zote kwenye ubao ule wa sentimita 40, chini sakafuni, na kuhesabu sauti ya umbali wa mita moja kwenye Hz 40 kabla chumba hakijaongeza au kupunguza chochote, ya inchi 8 inaishia karibu desibeli 84, ya inchi 15 inafika 92, na ya inchi 12 inafika 96. Shuka hadi Hz 30 na kila moja inapoteza karibu 7 na nusu. Hizo ni takwimu za upande mmoja; zikiwa mbili, kushoto na kulia, hali inakuwa nafuu. Lakini ya inchi 8, hata ukiipamba na ikwalaiza ya bei gani, itabaki na hewa yake ileile. Nimeshuhudia mtu akiiongezea desibeli 12 kwenye programu, akafurahi kwa nyimbo mbili za taratibu. Wa tatu ulipoingia ngoma, koili iligonga bamba la nyuma kwa mlio wa tak, tak, kama mtu anayebisha hodi kwa kucha.

Baada ya hewa, sasa breki.

Faida ya Qts kubwa ni ya kweli na mimi siidharau. Ile inchi 15 imeandikiwa uhisivu, yaani sauti inayotoa kwa wati moja, wa desibeli 97. Toa 11 za ubao, ongeza 2 ambazo Qts ya 1.26 inakupa kwenye Fs, na utaona kwamba wati chache tu zinaifikisha mwisho wa safari yake. Mtu mwenye amplifaya ya taa (ile ya vioo vya utupu badala ya transista), yenye wati 8, anaweza kuishi nayo vizuri. Tena amplifaya za taa nyingi zina ukinzani mkubwa kwenye njia ya kutolea umeme, na ukinzani huo unailegeza breki zaidi, kwa hiyo besi inaongezeka kidogo. Hahitaji kompyuta wala amplifaya ya pili.

Anachopaswa kukumbuka ni kwamba desibeli 2 hazizibi pengo la 11. Nimeona mara nyingi watu wakiambiwa kwamba Qts kubwa "inafidia" ubao wazi, basi. Inasaidia, ukilinganisha na ile ya 0.4 inayoshuka 8. Bado sauti za juu za wufa hiyo zitakuwa kubwa kuliko besi yake, na lazima ziteremshwe. Kwa mfumo usio na ikwalaiza, kazi hiyo inafanywa na koili kubwa ya kichujio inayoanza kukata mapema sana, mteremko wa desibeli 6 ukilazwa juu ya ule mpando wa desibeli 6 wa ubao. Uhisivu wa 97 unaousoma kwenye karatasi utauchoma wote hapo. Ndiyo maana wufa ya ubao wazi inayoshirikiana na spika ya sauti za kati yenye uhisivu wa desibeli 90 inatakiwa iwe na akiba ya desibeli kadhaa juu yake; ukichukua zote mbili za 90, besi itabaki nyuma na hakuna kichujio kitakachoiongeza.

Wufa ya inchi 12 yenye Qts 0.4, Fs ya Hz 25 na uhisivu wa 88 ina mahesabu mengine. Kuifikisha kwenye mwisho wa safari yake kwa Hz 40 ni kama wati 200. Miaka ya nyuma hilo lilikuwa jambo la kuogofya. Amplifaya za daraja D, zinazotoa wati nyingi bila joto jingi, zimelifanya kuwa la kawaida, na ikwalaiza ya kidijitali inakuruhusu kuusogeza mkunjo, yaani mchoro wa ukubwa wa sauti kwa kila masafa, mahali chumba chako kinapotaka, si mahali mtengenezaji wa koni alipopanga. Kwangu hiyo ndiyo nguvu halisi ya upande wa pili. Nundu ya Qts kubwa, zile desibeli za ziada, imekaa kwenye Fs na haihami. Chumba chako kikiwa na mvumo wake palepale kwenye Hz 41, utaishi nao.

Kuna hoja moja ya upande huu ambayo siikubali: kwamba sumaku kali ina besi "ya haraka". Wufa mbili zikisawazishwa mpaka mkunjo wa mwisho ufanane, namna zinavyoanza na zinavyotulia inafanana pia, mradi zote ziko ndani ya safari yake. Besi inayosikika kuburuta mara nyingi ni nundu iliyoachwa bila kusawazishwa, au ubao mwembamba unaotikisika na koni. Weka kiganja juu ya ukingo wa ubao wakati besi inacheza. Ukihisi unatetemeka, tatizo ni la fundi seremala. Wanaofunga wufa mbili zikiwa zimegeuziana migongo ndani ya fremu, koni zikienda pande zinazopingana kwa wakati mmoja, wanaziacha nguvu zinazoitikisa fremu zifutane na mtikisiko unapungua sana.

Wapo wanaojaribu kuchukua njia ya katikati kwa kuweka rezista mbele ya wufa ya Qts ndogo. Inafanya kazi kwenye karatasi. Omu 3 mbele ya koili ya omu 6 zinaweza kuipandisha Qts ya 0.4 hadi karibu 0.58. Lakini angalia inavyofanya: besi kwenye Fs haijaongezeka hata chembe, ni sauti za juu yake zilizoshushwa desibeli 3 na nusu. Ni ikwalaiza inayolipwa kwa joto. Kama huna namna nyingine, sawa.

Kwenye karatasi za vipimo, Xmax ndiyo inayodanganya zaidi. Mmoja anaandika safari ya upande mmoja, mwingine ya pande zote mbili, wa tatu anaongeza sehemu ya unene wa pengo la sumaku. Milimita 12 za mmoja zinaweza kuwa 6 za mwenzake. Ukiweza, tafuta urefu wa koili na unene wa bamba la juu la sumaku, toa, gawa kwa mbili.

Na kwa sababu hakuna hewa iliyofungwa nyuma ya kuizuia koni kama kwenye boksi, chini ya Hz 25 au 30 inabaki na kitambaa chake na mpira wa ukingoni peke yake. Anayesikiliza sahani za santuri ataona koni ikipumua mbele na nyuma polepole, bila sauti yoyote, kwa sababu tu sahani imepinda. Kichujio cha kukata masafa hayo ni cha lazima kwa pande zote mbili, na wenye Xmax ya milimita 3.8 wanakihitaji zaidi.

Ningekuwa naanza leo, na amplifaya ya ziada ninayo, ningenunua inchi 12 mbili kila upande zenye Qts kati ya 0.4 na 0.6 na Xmax isiyopungua milimita 8, nizifunge mgongo kwa mgongo kwenye fremu yenye kina, nizikate kwenye Hz 120 kabla fremu yenyewe haijaanza kuvuma. Mwenye amplifaya moja ya taa asinifuate. Yeye achukue inchi 15 ya Qts kubwa, mbili kila upande kama nafasi ipo na amplifaya yake inahimili omu 4: kwa sauti ileile kila koni itasafiri nusu, na ile milimita 3.8 itamtosha.