Mkutubi akistaafu, saa ya ukutani haitoshi

Mwezi uliopita nilienda kumuaga mkutubi aliyenipea kadi yangu ya kwanza ya maktaba nikiwa darasa la tano. Amefanya kazi miaka 33, sasa amefika 60, ule umri wa kustaafu serikalini, basi imebidi aende. Maktaba yenyewe sitaitaja, iko hapa hapa Nairobi. Sherehe ilifanyiwa kwa kale kachumba wafanyakazi hunywea chai, soda na keki, mkubwa wa ofisi akaja amechelewa akasoma hotuba ya dakika nne hivi na jina la madam akalikosea mara mbili, halafu madam akapewa saa ya ukutani na blanketi, picha zikapigwa, watu wakarudi kazini. Saa nane mchana nikamkuta kwa steji anangoja matatu, saa ameishika kwapani.

Iliniuma na bado inaniuma. Mwenyewe hakulalamika, aliniambia tu "haya kijana, usiache kusoma." Mimi ndio nimekataa kunyamaza juu naona hivi ndivyo tunavyowaaga karibu wote.

Watu wengi wanadhani mkutubi ni mtu wa kugonga muhuri na kusema nyamazeni. Wacha niwaambie kitu niliona kwa macho yangu. Nikiwa kidato cha pili nilinyeshewa nikitoka shule na kitabu cha maktaba kikalowa chote, nilikaa nacho siku mbili nikiogopa, nikakirudisha kimevimba kama mkate. Madam hakunigombeza. Alichukua tishu akaanza kupachika katikati ya kurasa, moja baada ya nyingine, pole pole, akaniambia nisivute karatasi ikiwa imelowa kwa sababu itararuka, kisha akafunga kitabu akakiwekea ensaiklopidia nne juu. Kila siku jioni nilikuwa napita tunabadilisha tishu, siku nne mzima. Mgongo ulikuwa umeachia, akakata kitambaa cha pamba akakipaka gundi kwa brashi ndogo akakishonea na uzi. Kile kitabu kilirudi kwa rafu na nilikiona hapo hata nikiwa chuo. Sasa jiulize ni vitabu vingapi amefufua hivyo kwa miaka 33, na hakuna mahali kazi hiyo imeandikwa.

Kingine. Kwa ile mipango ya Dewey ya kupanga vitabu kwa nambari, ambayo maktaba zetu nyingi hutumia, fasihi ya Kiswahili inakaa 896.392. Nambari ndefu hivyo kwa sababu Dewey alipopanga mambo yake Marekani mwaka 1876 ile mia nane ya fasihi karibu yote aliwagawia Wamarekani na watu wa Ulaya, sisi wengine wa dunia tukasongamana kwa 890. Kwa hivyo ukifuata nambari vile zilivyo, vitabu vya Kiswahili vinaishia mwisho kabisa wa fasihi, kwetu ilikuwa kona karibu na choo. Madam aliihamisha hiyo rafu yote akaileta kando ya mlango, mahali mtoto akiingia tu anaiona. Hakuitisha mkutano. Mimi nilianza kusoma hadithi za Kiswahili kwa sababu ya hiyo rafu, na siko peke yangu, tuko wengi.

Hizo ndizo kazi nasema ziheshimiwe. Siongei tu kuhusu kukaa miaka mingi, mtu anaweza kukaa miaka mingi bila kufanya kitu. Naongea kuhusu yale mambo anayajua peke yake kwa sababu alikuwa pale.

Wiki mbili baada ya yeye kuondoka mwanafunzi mmoja wa chuo alienda kutafuta ripoti fulani ya zamani ya baraza la jiji. Kijana aliyebaki kwa meza akaangalia kwa komputa, haipo. Huyo mwanafunzi ni jirani yangu, akanipigia, mimi nikampigia madam. Hakufikiria hata dakika moja. "Iko rafu ya chini nyuma ya nguzo, imefungwa na kamba, jalada lake lilitoka kitambo." Ilikuwa pale pale. Yule kijana wa kwa meza simlaumu hata kidogo, hakuna mtu aliyemkalisha chini na madam kabla hajaenda.

Hebu fikiria maktaba ya McMillan pale Banda Street, na wale simba wa mawe kwa mlango. Ilifunguliwa 1931, Lady Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe, na miaka yote hadi 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma mle ndani. Jina la McMillan liko kwa jengo, liko hata kwa sheria za Kenya. Lakini wale wakutubi waliokuja baadaye, waliofungulia watoto wa Eastlands mlango, wakalinda magazeti ya enzi za ukoloni yasiliwe na mchwa, wakaendelea kufungua asubuhi hata ile miaka paa lilivuja na bajeti ilikuwa haionekani, wewe umewahi kusikia mtu akitaja jina la hata mmoja? Nashukuru sana kazi ya Wanjiru Koinange na Angela Wachuka na shirika lao la Book Bunk, tangu 2017 wamehangaika na McMillan na zile za Kaloleni na Makadara, ukienda Kaloleni leo utafurahi. Ila jengo hata likipakwa rangi, kuna mtu alilishikilia kabla rangi haijafika.

Ama Garissa. Tangu 1996 wakutubi wa huko wanapeleka vitabu kwa ngamia, ngamia mmoja anabeba masanduku mawili ya vitabu kama 400, mwingine hema, wanaenda kwa watoto wa wafugaji jua likiwaka. Picha za hao ngamia zimezunguka dunia nzima. Majina ya wanaotembea nao kwa mchanga hatuyajui.

Wenzetu Marekani wana tuzo inaitwa I Love My Librarian, ilianza 2008, inapea wakutubi 10 dola 5,000 kila mmoja. Pesa ni nzuri na sitadanganya, madam angefaidika nazo. Lakini kitu nimependa zaidi ni kwamba wanaopendekeza majina ni wasomaji wenyewe, mtu anaandika huyu mkutubi alinisaidia hivi na hivi. Hapo ndipo heshima yenyewe iko, kwa hivi na hivi. Yule mkubwa wetu wa hotuba ya dakika nne hangekosea jina kama angesoma barua hata tano za watoto waliolelewa na huyo mama.

Na hapa kwetu kila 12 Desemba tunasikia orodha ya wanaopewa nishani za rais, OGW, HSC na zingine. Ningependa sana siku moja nisikie mkutubi wa maktaba ya mtaa akitajwa pale pamoja na wakimbiaji na walimu. Lakini hata kabla hiyo siku ifike kuna kitu kila kaunti inaweza kufanya bila pesa nyingi, na maktaba kwa Katiba ya 2010 ni kazi ya kaunti kwa hivyo hakuna wa kusingizia. Mkutubi akibakisha mwaka mmoja astaafu, apewe kijana wa kutembea naye rafu kwa rafu, aeleze, kijana aandike. Na rafu aliyoijenga iitwe jina lake, kibao kidogo tu cha mbao kinatosha. Mtu aheshimiwe akiwa bado anaweza kukisoma hicho kibao.

Mimi nimechoka kungoja ofisi. Nimempigia madam, Jumamosi tunaenda kwake watu watatu, wote tulilelewa na ile rafu ya kando ya mlango, tunabeba sukari na unga na simu za kurekodi zikiwa zimejaa chaji juu kwake stima hupotea sana. Nilimuuliza tuanzie wapi. Akasema tuanze na chumba cha nyuma, kuna maboksi kumi na moja hayajawahi kuandikwa kwa rejista na ni yeye tu anajua yalitoka kwa nani.