Mbao ya futi 12 ukiikata katikati

Mpwa wangu anafanya kazi kwenye ding dong, ile mitambo midogo ya kupasua mbao inayolia kutwa nzima huku kwetu Mafinga. Jumapili alikuja kunisalimia. Hata shikamoo sijaiitikia vizuri, tayari simu iko usoni pangu.

"Mjomba, hii kampuni ya ndege za kivita ya Marekani haijagawanya hisa tangu 1998. Safari hii lazima wagawanye. Tuwahi, zitakuwa mara mbili."

Nikamwuliza: mbao ya futi 12 ukiikata katikati, unapata mbao ngapi? "Mbili." Za futi ngapi? Kugawanya hisa ni vivyo hivyo: moja inakuwa mbili, kila moja ina nusu ya thamani. Akacheka, ila si kicheko cha mtu aliyekubali. Ndiyo maana naandika.

Kampuni yenyewe ni Lockheed Martin, watengenezaji wa F-35. Ilizaliwa 1995, Lockheed na Martin Marietta zilipoungana, na ni kweli tangu hapo imegawanya hisa mara moja tu, mwishoni mwa 1998, moja ikawa mbili. Ambacho mpwa wangu hakukisoma ni kilichofuata. Mwaka 1999 mambo yalienda kombo, faida ikashuka, na kufikia mapema 2000 hisa moja ilikuwa chini ya dola 20. Gawio nalo, yaani faida anayolipwa mwenye hisa, likakatwa nusu, kutoka senti 88 kwa mwaka hadi senti 44. Aliyeshangilia kuona moja imekuwa mbili alijikuta na mbili zisizofikia thamani ya ile moja aliyoanza nayo.

Sasa mtazame jirani yake, General Dynamics, wanaotengeneza vifaru vya Abrams na nyambizi. Hawa waligawanya moja kwa mbili mwaka 1994, wakarudia 1998 na 2006. Hisa moja ya mwanzo imekuwa 8. Kama kugawanya kungekuwa ndiko kutajirika, Lockheed ingeachwa mbali mno. Haikuachwa. Waliotulia na kampuni yoyote kati ya hizo mbili kwa miaka 20 na ushee wamevuna vizuri.

Walivuna kutokana na nini, basi? Hapa nitamrudisha mpwa wangu shambani, maana jibu analijua bila kujua kwamba analijua. Ukipanda misindano ukaiacha yote ibanane, inarefuka kama fito, hainenepi. Lazima upunguze, utoe mingine, ili iliyobaki ipate jua na unyevu. Lockheed ilifanya hivyo kwa hisa zake: mwaka baada ya mwaka ilichukua sehemu ya faida, ikaingia sokoni na kuzinunua, kisha ikazifuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hisa zake zilizidi milioni 400. Kufikia mwisho wa 2023 zilibaki kama milioni 240. Mwenye hisa 10 ambaye hakuongeza hata moja, fungu lake ndani ya kampuni lilikua huku yeye amelala. Kupunguza hisa ni kinyume kabisa cha kuzigawanya, na hakuna anayekutumia ujumbe saa nne usiku kukuambia uwahi.

Halafu gawio. Lile la senti 44 limepandishwa kila mwaka kwa zaidi ya miaka 20 mfululizo, na mwaka 2024 lilikuwa dola 12.75 kwa hisa. Aliyenunua kwa chini ya dola 20 siku zile watu wanakimbia, leo kila mwaka anarudishiwa zaidi ya nusu ya pesa aliyotoa, na hisa bado ni yake. Oktoba 2024 bei ilipita dola 600. Julai 2025, kampuni ilipotangaza kubeba gharama ya dola bilioni 1.6 kwenye miradi yake, bei ikaanguka karibu asilimia 11 kwa siku moja. Hata msitu mzuri hupitiwa na moto.

Nisimwonee kijana, ana hoja moja. Mwaka 2025 hisa moja ilikuwa kama dola 450, zaidi ya shilingi milioni moja yetu, na mshahara wa mpasua mbao haufiki huko. Ikigawanywa, mtu wa kawaida anaweza kuingia. Lakini siku hizi wapo wanaouza hata kipande cha hisa, kwa hiyo uzito wa hoja hiyo umepungua. Na Marekani inakata asilimia 30 ya gawio la Mtanzania kabla halijamfikia, wakati kwenye soko letu la Dar es Salaam makato ni asilimia 5. Hisa za benki ya CRDB ziliuzwa shilingi 150 mwaka 2009. Gawio la mwaka 2024 lilikuwa shilingi 65 kwa kila moja. Hilo silisikii likizungumzwa pale kijiweni.

Kuna na jambo lingine, langu binafsi. Karibu robo tatu ya mauzo ya Lockheed ni kwa serikali ya Marekani, na Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022 bei ya hisa ilipanda. Mimi mwenye miti naomba watu wajenge nyumba. Mwenye hisa hizi anaomba nini?

Nilimweleza yote haya tukiwa barazani, na nikamwongezea aibu yangu. Ekari mbili zangu za kwanza niliziuza miti ikiwa na miaka tisa, ada ya shule ikiwa mlangoni. Dalali alipita kati ya mistari, akatazama kwa macho tu bila kupima hata mti mmoja, akataja bei, nami nikaitikia. Jirani yangu alipanda mwaka uleule. Akapogoa, akapunguza, akasafisha njia za moto kila kiangazi, akavuna ya kwake ikiwa na miaka kumi na minane. Shina la mti wake mmoja nilijaribu kulikumbatia, vidole havikukutana.

Mpwa wangu alikaa kimya, akazima simu.

"Na lile shamba lako la kule bondeni, Mjomba, lina miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Madalali hawajaja?"

"Wamekuja watatu."