Embe bichi kando ya Chao Phraya

Juzi usiku, saa mbili na ushei, nilikuwa gatini Tha Tien hapa Bangkok, kwenye mto Chao Phraya, nasubiri kivuko. Mkononi nina mfuko wa embe bichi lililokatwa vipande, na kijifuko cha chumvi, sukari na pilipili ya kusaga. Nikachovya kipande cha kwanza. Jamani, ni lile lile! Embe la nje ya geti la shule ya msingi. Tofauti ni kwamba hili nililila gizani, kando ya mto, na hakuna aliyeniuliza nafanya nini pale.

Mimi nimekulia Kigogo, Dar es Salaam, upande wa bondeni. Mlango wetu wa uani ulitazama mto Msimbazi, na jioni mama aliufunga kwa makomeo mawili. Usiku mto haukuwa wetu. Ulikuwa wa mbu, wa vibaka, na wa wanaosubiri giza ili wakatupe taka. Mvua zikija, mnajua: mafuriko.

Huku nyumba zimeupa mto uso. Wazee wamekaa kwenye ngazi za gati wanajipepea, watoto wanawatupia samaki mikate. Ng'ambo, Wat Arun limewashwa taa tangu chini hadi kileleni, hekalu la mnara mrefu uliopachikwa vipande vya vyombo vya kauri kutoka China. Kila nikiliona nakumbuka makaburi ya kale ya Kunduchi kule Dar, yale yaliyopachikwa sahani za Kichina. Kumbe sote tulipamba kwa vyombo vya Mchina! Hili linapigwa picha mpaka usiku. Ya kwetu, jua likishazama, utayaendea na nani?

Halafu chukua bodaboda (wanavaa vizibao vya rangi ya machungwa na wana vijiwe kama vyetu), muda mfupi uko Yaowarat, mtaa wa Wachina. Ngisi kwenye mkaa, ndizi za kuchoma, tambi zinarushwa kwenye karai moto unapanda juu. Mzee wa roti anaupiga unga mezani kama dada wa chapati wa Manzese, ila yeye anaongeza ndizi na maziwa ya kopo. Vingi vya pale mimi navipita kwa macho tu, maana nguruwe hakosekani. Nikitaka kushiba kwa amani nakwenda upande wa msikiti wa Haroon, Bang Rak.

Mama ninayenunua kwake ngisi ana toroli, jiko na taa moja. Akifunga, anamwaga maji ya sabuni barabarani na kusugua kwa ufagio mpaka mafuta yatoke. Jumatatu hauzi, na wenzake wengi hawauzi, siku hiyo mtaa unasafishwa. Jumanne yuko pale pale. Hiyo “pale pale” ndiyo inayoniuma. Mama lishe wa kwetu anapika huku jicho moja liko kwenye sufuria, jingine linatafuta gari la mgambo.

Najua yanayokuja. “Umeuza mawe mawili ya vito huko Silom, tayari umekuwa Mzungu.” Mzungu gani tena? Ningekuwa Ulaya ningenyamaza, maana huko mngeniambia wana hela na baridi yao. Hapa kuna joto la Dar, foleni ya Dar, na mifereji mingine inanuka hasa; pitia Saen Saep uone. Mwaka 2011 mto huu ulifurika ukazamisha vitongoji vizima. Hata wachuuzi wamefukuzwa: kuanzia 2014 jiji liliwaondoa kwenye mitaa mingi, na wengine wanalia hadi leo. Lakini walipofika Yaowarat walishika breki. Mtu fulani ofisini alijua kwamba moshi ule ni mali.

“Coco Beach je?” Coco naipenda, mihogo yake nimeila kabla wengi wenu hamjazaliwa. Ila Coco ni bahari. Mimi nazungumzia mto. “Kuna mradi wa bonde la Msimbazi, itakuja bustani.” Ije, inshallah, nami nitakuwa wa kwanza kutandika mkeka. Naomba tu isizungushiwe uzio wenye geti, mlinzi na kiingilio, kisha mama wa mihogo abaki nje.

Na wewe unayetaka kuandika “rudi ujenge nchi”: nyumba ya Kigogo naikarabati mimi kila baada ya masika. Tusitishane.

Kivuko kilipofika nilipiga picha nikamtumia dada yangu, hekalu lote na taa zake majini, na embe kwa mbele. Akajibu: “Pazuri. Hilo embe bei gani?” Nikamwambia baht 30. Akapiga hesabu kwa shilingi, akanirudia kwa ujumbe wa sauti, anacheka mpaka anakohoa: “Kaka, wamekuibia!”