Kongamano la kisukari, soda mbili mbili

Jamani hivi ni mimi tu ama? Siku ya pili leo niko kongamano la afya ya jamii hapa Malindi, ratiba inasema saa mbili asubuhi, tumeanza saa nne na robo kwa sababu mgeni wa heshima "yuko njiani", njia gani hiyo, ametoka Mombasa kwa punda? Akafika, akasoma hotuba, akaondoka, utafiti hata mmoja hakuusikiza.

Haya, mada kisukari. Slaidi 64, nimezihesabu, maandishi kama sisimizi, na bwana anazisoma neno kwa neno kama sisi hatukwenda skuli. Anatwambia WHO wanashauri ikiwezekana sukari ya kuongeza isipite gramu 25 kwa siku, sote tunaandika. Dakika tano baadaye chai: mahamri, keki, na soda za mililita 300 ambazo moja tu inapita gramu 30! Na madafu yanauzwa hapo getini! Yule bwana wa slaidi nimemuona kwa macho yangu haya, soda mbili, moja kaibana kwapani.

Na hiyo AC sasa, wallahi nimejitanda leso ya mama mmoja wa zahanati. Nani mwengine yuko humu ndani anatetemeka?