Usalama wa Haiti tuupime kwa saa 72

Wiki iliyopita nilitazama mjadala wa Haiti kwenye runinga mpaka nikaizima. Wanaume wanne na mtangazaji wao. Walichambua magari ya deraya, wakachambua marupurupu ya polisi yanayochelewa, wakabishana kama Marekani itatoa pesa au itatoa maneno. Muda ukiwa umeyoyoma, mtangazaji akakumbuka kwamba Haiti kuna wanawake pia. Mmoja akajibu kwa sauti ya matanga: wanawake wa kule ni wavumilivu ajabu, risasi zinalia na wao wako sokoni. Wenzake wakatikisa vichwa kwa heshima. Kisha likaja tangazo la sabuni.

Wavumilivu. Kana kwamba waliletewa fomu wachague, uvumilivu au tiketi ya ndege, wakatia alama kwenye uvumilivu.

Tangu 25 Juni 2024, polisi wetu wa kwanza waliotumwa kupambana na magenge walipotua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti (siku ile ile vijana walipoingia Bungeni Nairobi, kwa hiyo hakuna Mkenya wa kukumbushwa tarehe), tumekuwa tukipima kazi yao kwa mitaa. Mtaa gani umekombolewa, barabara gani imefunguliwa, genge lipi limerudi nyuma. Mimi nina kipimo kimoja tu. Mwanamke akibakwa usiku huu kule Carrefour, pembeni mwa Port-au-Prince, je, atamfikia muuguzi kabla saa 72 hazijaisha?

Saa 72 si namba yangu. Ndio mwisho wa kuanza PEP, dawa za kuzuia VVU visishike baada ya mtu kubakwa, na kila saa inayopita kabla ya hapo ni hasara. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kina siku tano, nacho hupungua nguvu kadiri unavyokichelewesha. Kuna chanjo ya homa ya ini, kuna ya pepopunda, kuna kushonwa na kuzuia damu. Virusi havisubiri kikao cha Umoja wa Mataifa kule New York.

Sasa mchukulie huyo wa Carrefour. Kliniki anayoihitaji, ile ya Madaktari Wasio na Mipaka inayoitwa Pran Men'm, iliyofunguliwa 2015 kwa ajili ya waliobakwa, iko Delmas, upande wa pili wa jiji. Kati yake na kliniki kuna Martissant. Magenge yameshika barabara ya Martissant tangu Juni 2021, na mwaka huo huo Madaktari hao hao walifunga hospitali yao ya dharura iliyokuwa hapo hapo, baada ya kupigwa risasi. Kwa hiyo ili atibiwe jeraha alilopewa na wenye bunduki, lazima akapite tena mbele ya wenye bunduki, usiku, akiwa na damu, na nauli ambayo pengine ndiyo waliyomnyang'anya. Asubuhi anawaza kwenda. Mchana kuna milio. Kesho yake mtoto ana homa. Siku ya nne haendi tena, na hakuna anayemhesabu.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2022 ilisema waziwazi kwamba magenge ya Port-au-Prince yanatumia ubakaji kama silaha ya kuwatisha watu. Wanawake wanaovuka kutoka eneo la genge moja kwenda la jingine ndio wanaonaswa. Na nani anavuka kila siku? Madan sara, wale wachuuzi wanaoleta ndizi na maharagwe kutoka mashambani na kulisha jiji zima. Hao ndio "wavumilivu" wa yule bwana wa runinga. Wako sokoni kwa sababu wasipokuwepo watoto hawali, na njiani wanatozwa ushuru na genge, wengine kwa pesa, wengine kwa miili yao. UNICEF nayo ilisema mapema 2025 kwamba ukatili wa kingono dhidi ya watoto uliongezeka mara kumi kutoka 2023 hadi 2024. Mara kumi, jamani. Hapo sijui mtu anasifu uvumilivu wa nani.

Najua mtasema: kwanza usalama, afya baadaye. Haya, tuutazame huo usalama. Julai 2024 polisi wa Haiti, wakisaidiwa na wetu, waliitwaa Hospitali Kuu ya Port-au-Prince kutoka kwa magenge. Nakiri, ilikuwa kazi ya kiume, na waliohatarisha maisha pale ni watoto wa watu. Wapo waliorudi nyumbani ndani ya majeneza. Waziri mkuu wa wakati huo, Garry Conille, akaenda kuikagua, na alipokuwa akitoka risasi zikaanza kulia. Tarehe 24 Desemba 2024 waandishi wa habari wakaitwa kushuhudia hospitali ikifunguliwa upya. Wakiwa pale wanamsubiri waziri wa afya, genge likawamiminia risasi. Waandishi wawili na polisi mmoja wakafa. Hospitali iliyokombolewa kwa ajili ya kamera haimsaidii mjamzito.

Kisha mji wa Mirebalais. Hospitali ya vitanda 300, iliyofunguliwa 2013 na shirika la afya la Zanmi Lasante, mahali ambapo mwanamke wa mashambani angeweza kupasuliwa akajifungua salama, au kutibiwa saratani. Magenge yalivamia mji mwisho wa Machi 2025 na hospitali ikafungwa. Katika nchi ambayo vifo vya uzazi ni zaidi ya 300 kwa kila vizazi hai 100,000, idadi kubwa kuliko zote katika bara lote la Amerika. (Na sisi tusinyooshe kidole. Takwimu zetu za uzazi hazina cha kujivunia mbele ya Haiti.)

Atakayesema wavuke mpaka, ajue kwamba tangu Aprili 2025 Jamhuri ya Dominika imeweka maafisa wa uhamiaji kwenye hospitali zake za serikali. Unazaa, unatibiwa, huna karatasi, unarudishwa. Kwa hiyo wengine hawaendi hospitali kabisa.

Nilikuwa Nakuru Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, kwa hiyo barabara iliyofungwa sihitaji kuhadithiwa. Jirani yetu, mama wa makamo, aliingiliwa nyumbani, na kituo cha afya kilikuwa karibu kiasi kwamba ungekiona paa. Hakwenda. Kati yake na lile paa kulikuwa na vijana, mawe na matairi yanayowaka. Alikwenda vurugu zilipotulia, na akaambiwa ameshachelewa. Watu wa mtaani wakamsifu: mama jasiri, hakulia. Hakulia, ni kweli. Pia hakulala, miaka na miaka, na ungemkuta alfajiri anafagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Waliofika mahakamani baada ya vurugu zile walisubiri mpaka 10 Desemba 2020 ndipo wanne kati yao wakapewa fidia ya shilingi milioni nne kila mmoja. Na tarehe 10 Desemba 2024, wanawake wa Nairobi walioandamana kupinga kuuawa kwa wanawake wakapigwa mabomu ya machozi na polisi. Polisi wa huduma ile ile inayotuma ulinzi ng'ambo. Sitaongeza neno.

Kuhusu akili, hapo ndipo uvumilivu unapogeuka kuwa ugonjwa. Mwanamke wa Port-au-Prince mwenye miaka 40 leo alipitia tetemeko la 12 Januari 2010, akaishi kwenye hema, akaona kipindupindu kilicholetwa na walinda amani, na sasa amerudi tena kulala chini, safari hii katika darasa la shule, pamoja na wenzake zaidi ya milioni moja waliokimbia makwao. Haiti kuna maradhi ambayo akina mama huyajua vizuri: mama anayenyonyesha akishtuka au akitendewa ubaya, damu yake huchafuka na maziwa huharibika. Ana dawa yake ya majani, na watu humhurumia, maana inakubalika kwamba mshtuko ni ugonjwa. Hiyo ni hekima kuliko jopo zima la runinga. Lakini majani hayamtoshi aliyebakwa na watu watano mbele ya watoto wake, na hospitali za serikali za magonjwa ya akili ni mbili tu, zote katika eneo la jiji kuu. Kanisa na manbo, makuhani wa kike wa Vodou, wanaziba pengo. Siwabezi, angalau wao wapo.

Wala asishangae mtu kama wanawake wale hawawapigii makofi wageni wenye sare. Mwaka 2007 walinda amani wa Sri Lanka zaidi ya 100 walirudishwa kwao kwa tuhuma za kuwatumia kingono wanawake na watoto wa Haiti. Walioachiwa watoto na walinda amani bado wanawalea peke yao.

Septemba 2025 Baraza la Usalama likaubadilisha ujumbe wa kimataifa walimo polisi wetu kuwa kikosi cha kukandamiza magenge, wenye sare 5,500 na raia 50. Hamsini. Wakunga ni wangapi humo, na washauri nasaha? Wabunge wetu watakapomwita waziri tena kumhoji kuhusu Haiti, waache kidogo habari za marupurupu wamuulize hivi: mwanamke aliyebakwa akiwafikia askari wetu saa nane za usiku, wana amri ya kumpeleka wapi, kwa gari lipi, na nani anamngoja huko?