Laulupidu ya Estonia: Mchujo wa Kwaya Uendelee au Uondolewe?

Kila baada ya miaka mitano hivi, kwaya za Estonia hukutana Tallinn, mji mkuu, kwa Laulupidu, sherehe ya nyimbo iliyoanza Tartu mwaka 1869 na kutambuliwa na UNESCO mwaka 2003. Nchi ina watu wapatao milioni 1.3 tu, lakini waimbaji wanaoshiriki huhesabiwa kwa makumi ya elfu. Hata hivyo, si kila anayetaka kuimba anaingia. Kwaya hupita kwenye mchujo, na zinazoachwa hunung'unika: sherehe ya taifa zima itakuwaje na mlango wenye bawabu?

Mchujo wenyewe hauna siri. Nyimbo hutangazwa mapema, kitabu cha noti huchapishwa, kila kwaya hujifunza kwake, kisha hukutana na nyingine kwa mazoezi ya pamoja na kuimba mbele ya waongozaji wanaoisikiliza na kuipima. Siku chache za mwisho uwanjani ni za kuunganisha sauti. Mwimbaji wa besi, sauti nzito ya kiume, aliyefika bila kuijua sehemu yake hatapata wa kumfundisha pale, maana mwongozaji yuko juu ya mnara wake, mbali, akiwa na maelfu ya watu mbele yake.

Wanaoutetea mchujo wana hoja moja isiyojibika kirahisi, nayo ni mwendo wa sauti hewani. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Chukua waimbaji wawili waliosimama mita 60 mbali chini ya lile tao kubwa la jukwaa, lililojengwa mwaka 1960. Kila mmoja anamsikia mwenzake akiwa amechelewa karibu sekunde 0.18. Wimbo wa mapigo 60 kwa dakika utastahimili, kwa kuwa ucheleweshaji huo haufiki hata sehemu ya tano ya pigo. Wimbo wa mapigo 120 hautastahimili: hapo ni zaidi ya theluthi ya pigo, na anayefuata sikio lake atakuwa nyuma daima. Wa nyuma yake atamfuata yeye, na wimbo mzima utavutika kama mpira. Dawa ni moja, kuimba kwa macho: tazama mkono wa mwongozaji, usimngoje jirani. Lakini aliyezamisha macho kitabuni kwa sababu hajashika noti hawezi kutazama mkono. Ndiyo maana kwaya isiyojiandaa haijiharibii yenyewe tu, bali huwaburuta na waliosimama karibu nayo.

Kuna kasoro nyingine zinazojulikana. Herufi "s" mwishoni mwa neno, ikitamkwa na watu elfu kumi kila mmoja kwa wakati wake, husikika kama mafuta yanayokaangwa. Nyimbo za polepole hushuka toni kidogo kidogo, hasa watu wakichoka kusimama juani. Sauti ya kwanza hufunika, na noti za chini za besi hupotea kwenye uwanja wa wazi. Pumzi, kwa upande mwingine, ni tatizo jepesi kuliko linavyodhaniwa. Katika umati huo kila mtu anaweza kupumua katikati ya neno, mradi asipumue pamoja na jirani yake.

Upande wa pili nao una uzito wake. Kwaya ya kijiji yenye watu 15, wawili tu wakiimba sauti ya tena (ile ya juu ya wanaume), hufanya mazoezi msimu wa baridi wote kwa lengo moja: kufika Tallinn. Ukiiondoa kwenye orodha umeondoa sababu ya kukutana, na kwaya iliyosambaa si rahisi kuirudisha. Tena historia iko upande wao. Mwaka 1869 walioimba walikuwa wanaume watupu, wengi wakiwa wakulima, walimu na mafundi. Nyimbo nyingi zilitoka kwa Wajerumani, na mtunzi Mwestonia alikuwa Aleksander Kunileid. Kama kiwango ndicho kingekuwa kigezo, sherehe isingeanza kabisa.

Hoja yao nyingine hupelekwa mbali mno. Husemwa kwamba Septemba 1988 watu wanaokadiriwa kufikia 300,000 walijaa uwanja huohuo kudai haki za nchi yao, na hakuna aliyewachuja. Ni kweli. Ila zile nyimbo za mtunzi Alo Mattiisen zilizotamba mwaka ule zilikuwa na bendi, ngoma na vipaza sauti, na umati uliimba sauti moja. Hiyo si kazi sawa na kuimba sauti nne bila ala. Hakuna haja ya kuipima moja kwa rula ya nyingine.

Kwa maoni yangu, ugomvi huu unawalenga watu wasiohusika. Waamuzi hawaamui sana kama wanavyodhaniwa. Aliyeamua ni mtunzi, na waliochagua nyimbo. Tazama "Mu isamaa on minu arm" ya Gustav Ernesaks: mwendo wa taratibu, sauti zote hutembea pamoja, maneno yanayojulikana na kila mtu. Uwanja mzima husimama na kuimba, na ucheleweshaji haumsumbui mtu. "Tuljak" ya Miina Härma ni ya kasi, kwa hiyo kwa hesabu za hapo juu ingepaswa kuvunjika. Haivunjiki, kwa sababu waimbaji wanaijua kwa moyo na macho yao yako huru. Veljo Tormis naye alichota kwenye regilaul, uimbaji wa kale ambamo kiongozi hutoa mstari na kundi huurudia. Muziki wa aina hiyo unaubeba umati bila taabu. Lakini Tormis huyohuyo alitunga "Raua needmine" mwaka 1972, yenye ngoma ya kiganga, waimbaji wanaoimba peke yao na sauti zinazoteleza na kupiga kelele. Ukiwapa hiyo watu elfu ishirini utapata vurugu. Na muziki wa mtunzi Mwestonia Arvo Pärt, ambao umma wa dunia huuona mwepesi kwa kuwa noti zake ni chache, ni mgumu zaidi kwa umati: kila noti iko wazi, na ikipinda kidogo kila mtu anasikia. Umepata nyumba yake kwa kwaya ndogo za kitaalamu kama ile ya Tõnu Kaljuste, iliyoanzishwa mwaka 1981.

Kwa hiyo mchujo ubaki kwa nyimbo zinazouhitaji: zenye sauti zilizogawanyika, mapigo ya kasi, na utunzi mpya usiojulikana. Programu ianzishe kundi la pili la nyimbo, tano au sita, zilizotungwa kwa kujua kwamba kila kwaya iliyojiandikisha itaziimba: mapatano ya sauti yanayobadilika polepole, sauti ya tena isiyopanda sana, maneno machache yanayoishia kwa irabu. Gharama ipo. Waimbaji wataongezeka, na nafasi jukwaani haiongezeki, hivyo kwaya zitalazimika kupishana kwa zamu. Watunzi wachanga nao watalalamika kwamba wanafungwa mikono, na si uongo. Ila kutunga wimbo rahisi usiochosha ni kazi ngumu kuliko kuongeza sauti ya nane, na Ernesaks aliimudu.